Jibu: Seva ya nakala za Debian na heshi zisizolingana

Sheikh, umesema seva yenu ya nakala hapo Wete (mirror, inayoweka nakala ya hifadhi ya Debian, mfumo endeshi wa Linux) inavuta Debian kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, na asubuhi kompyuta za maabara zinagoma: apt, programu ya kusakinishia, inalalamika kuwa heshi (alama za kuhakiki mafaili) hazilingani au faili halipo. Msiulaumu mtandao kwanza. Tatizo ni mpangilio wa kuvuta, kipi kitangulie.

Hifadhi ya Debian ina pool, zilimo paketi (programu zilizofungashwa) zenyewe, na dists, zilimo orodha zake. Ukivuta kwa mkupuo mmoja, rsync hufuata alfabeti, kwa hiyo dists hutangulia. Orodha mpya imeshafika, paketi bado ziko njiani. Umeme ukikatika hapo, umekuwa na duka lililobandika bei za mali ambayo haijashuka bandarini.

Vuta pool kwanza bila kufuta chochote, kisha dists, na vya zamani uvifute mwisho kabisa. Hata hivyo usijiandikie skripti. Chukua ftpsync, skripti ya Debian wenyewe ya kuvutia nakala: inafuata utaratibu huo na inaweka kufuli ili kazi mbili zisipandane. Ikimaliza huacha faili lenye tarehe ndani ya project/trace. Litazame hilo kila asubuhi, maana cron, inayoanzisha kazi kwa ratiba, itakwambia kazi ilianza tu.

Na chanzo, yaani seva mnayovuta kwake, kiwe kimoja, siku zote kilekile. Jina linalokuzungusha kwenye seva tofauti litakurudisha nyuma leo, mbele kesho.

Kama maabara yote ni amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64), vuta amd64 pekee. Hifadhi nzima ni terabaiti kadhaa, za nini?