Unaogopa ghorofa? Miwani ya VR inasaidia ila acha ujanja ujanja

Wadau, tangu niseme nimetibiwa hofu ya sehemu za juu kwa miwani ya VR (ile unayovaa machoni, inakuonyesha picha za kompyuta kama vile uko humo humo) huku Uingereza, inbox swali ni lile lile, "si unajua ni picha tu, sasa unaogopa nini?" Sasa hapo ndo penyewe. Akili inajua, mwili haujui. Nimesimama kwenye kapeti la ofisi ya terapista, macho yanaona balkoni ya ghorofani, basi viganja jasho mpaka rimoti inateleza, magoti yanalegea, moyo unadunda utasema nimekimbizwa. Na usipoogopa humo ndani hakuna unachojifunza.

Hii kitu sio ya jana. 1995 kule Atlanta, Marekani, Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao walichapisha utafiti wa watu kama sisi, wakawapandisha lifti ya kioo, madaraja na balkoni za kompyuta tupu. 2018 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake wakaja na utafiti wa watu 100, safari hii terapista hayupo, kocha wa kwenye programu ndo anakuongoza, na waliopewa miwani hofu yao ikashuka kwa wastani wa asilimia 68.

Sasa nachowaambia, ukivaa usifumbe macho, usipapase ukuta wa kweli, usiimbe kimoyomoyo ili muda upite. Ukifanya hivyo ukatoka salama, mwili unaondoka na jibu moja tu, kwamba ule ukuta ndo umekuokoa. Taja kabisa unachoogopa, "nitaanguka", "nitazimia", halafu chungulia chini uone kama kinatokea. Terapista atakuuliza namba ya hofu toka 0 mpaka 100, mwambie ukweli, na wala usisubiri ifike sifuri ndo upande juu zaidi, utakaa sana.

Kichefuchefu usikichanganye na hofu. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, tumbo ndo linalipa. Vua, pumzika, rudi. Mwenye kifafa aongee na daktari wake kabla.

Na nyie mnaozimia mkiona damu au sindano mko tofauti kidogo, kwenu presha inashuka ghafla, kwahiyo kujilegeza ndo kunazidisha. Mnafundishwa kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo mpaka uso upate joto, mnaachia, mnarudia.

Halafu miwani peke yake haitoshi jamani, siku hizo hizo nenda kwenye kitu chenyewe. Mimi nilipelekwa ngazi za umeme za moli, nimeshika kingo kama bibi harusi anayesindikizwa, watu wananipita tu. Aliyeko Dar au Nairobi na miwani hana, ghorofa zipo, anza ya pili, simama penye kingo imara, angalia chini mpaka uchoke kuangalia, kesho ya tatu. Ila usiende na yule rafiki yako anayependa kusukuma watu kwa utani.