Sukari na pumu kwa mtoto mmoja: angalia pale yanapokutana

Mtoto wa miaka 12 au 13 akishaambiwa ana maradhi mawili, kila maradhi huwa na kadi yake, siku yake ya kliniki na dawa zake. Sukari anaelezwa vizuri, pumu anaelezwa vizuri. Anachokosa ni mtu wa kumkalisha na kumwambia haya mawili yakikutana mwilini hufanya nini, na hapo ndipo watoto wetu wanapoumia. Makala hii tunamwandikia mtoto mwenyewe, yule mwenye sukari ya kuchoma insulini na pumu juu yake. Mzazi asome pembeni.

Tuanze na kutetemeka. Sukari ikishuka, mikono hutetemeka, moyo hudunda mbio na jasho hukutoka. Ukivuta salbutamoli, ile pampu ya buluu, mikono hutetemeka na moyo hudunda mbio vilevile. Sasa umetoka kucheza mpira, kifua kimebana, umevuta pampu na unatetemeka. Ni dawa au ni sukari? Kwa kuhisi tu hutajua, hata uwe umeyazoea maradhi yako vipi. Toboa kidole, pima. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye nusu glasi ya maji, unywe yote. Soda ya kawaida, nusu ya chupa ndogo, inafanya kazi hiyo hiyo. Ngoja dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda na chakula kiko mbali, kula kipande cha boflo au muhogo ili isishuke tena. Kipima sukari hakipo karibu? Kunywa sukari kwanza. Sukari ikizidi kidogo utaishusha baadaye, lakini ikishuka sana huchelewi kupoteza fahamu.

Nyumbani watu hukimbilia madafu na halua. Glasi ya madafu mara nyingi haifikishi gramu 15 za sukari unazozihitaji hapo, na halua ina samli, nayo mafuta huichelewesha sukari kufika kwenye damu. Halua iacheni kwa siku yake.

Pumzi nayo inachanganya, na kwa maoni yetu hili ni hatari zaidi kuliko kutetemeka. Mtoto aliyekosa insulini siku moja au mbili huanza kuhema kwa nguvu na kwa haraka. Nyumbani wanajua ana pumu, basi wanampa pampu, mara ya pili, mara ya tatu, na saa zinakwenda. Hapo damu imejaa asidi kwa kukosa insulini na mwili unajaribu kuitoa kwa pumzi. Tofauti inaonekana ukitulia. Pumu hubana, mara nyingi kifua hupiga filimbi, na kazi kubwa iko kwenye kuitoa pumzi. Pumzi ya sukari ni ndefu, ya kina, kifua hakilii, na huja pamoja na kiu, kukojoa sana, kutapika, tumbo kuuma, na mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva mno. Kwa hiyo kila kifua kinapokusumbua, pima sukari. Ikiwa juu ya 14 na unatapika au unahema hivyo, ni hospitali wakati huo huo, usiku au mchana.

Ndiyo maana insulini haiachwi siku unayoumwa. Mtoto hali, anatapika, mama anasema leo tusimchome maana hajala kitu. Kipimo kinaweza kupunguzwa kwa kumuuliza daktari, lakini kukata kabisa ndiko kunakoleta ile pumzi. Kombe na dua tunaviheshimu, na mtoto anayesomewa hupata utulivu. Visomo viendelee, na sindano iendelee.

Kuna vidonge vya predinisoloni vinavyotolewa pumu ikipanda, mara nyingi kwa siku 3 hadi 5. Hivi hupandisha sukari, na ukivimeza asubuhi utaiona zaidi mchana na jioni. Usivikatae kwa sababu hiyo. Pumu iliyopanda inaua. Kabla hujainuka kwenye kiti cha daktari muulize: niongeze yuniti ngapi za insulini, na vidonge vikiisha nirudi lini kwenye kipimo changu? Swali la pili husahauliwa sana. Vidonge vinakwisha, yuniti zinabaki juu, na sukari inashuka usiku umelala. Siku zote hizo pima angalau mara nne kwa siku. Pampu ya kahawia ya kila siku, ile ya kuzuia pumu, kwa kipimo cha kawaida, haina tabia hiyo, usiiache kwa kuogopa sukari. Baada ya kuivuta sukutua na uteme maji, la sivyo ulimi unaweza kuota utando mweupe.

Pampu peke yake huacha dawa nyingi mdomoni. Vutia kwenye chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Mtu mzima akunje waya mnene ufuate umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu, aupashe moto, aukandamize kwenye kitako cha chupa kama sekunde 10 mpaka kitoboke, kisha apachike pampu hapo hapo plastiki ingali laini ili ibane. Mwanya ukibaki, zibeni kwa plasta. Ioshe chupa kwa maji ya sabuni na iache ijikaukie. Ukiifuta kwa kitambaa, msuguano huifanya plastiki ivute dawa na kuinatisha kwenye kuta zake. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, vuta na utoe pumzi taratibu mara tano mdomo ukiwa kwenye chupa, ndipo ubonyeze tena. Pumu ikipanda, vuta ya buluu namna hiyo mara 4 hadi 10, na urudie kila baada ya dakika 20 kwa saa moja. Aliye mbali na hospitali asiisubiri saa hiyo iishe. Mara ya kwanza isipomletea nafuu, safari ianze na aendelee kuvuta njiani. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, usihesabu dakika, nenda.

Udi na buhuri ndani ya nyumba iliyofungwa vinaamsha pumu kama moshi wa makumbi. Chetezo kikae uani, nguo zifukizwe huko huko.

Insulini iliyofunguliwa hukaa nje ya friji wiki 4 kama joto halizidi nyuzi 30. Kiangazi chetu huzidi hapo, na umeme hukatika. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wa maji katikati, chupa ya insulini ndani ya mfuko mkavu, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo, na umwagie maji mchanga asubuhi na jioni. Masika hewa hujaa unyevu, maji hayakauki upesi na chungu hupoza kidogo tu, basi usikitegemee sana miezi hiyo. Insulini isiguse barafu, ikiganda imeharibika. Anayevuka bahari kutoka Mkoani, Pemba, kwenda kliniki ya Mnazi Mmoja, Unguja, aishike mkononi, isiingie kwenye mizigo ya chini, na apime kabla ya kupanda. Ukishachoma, ukala, kisha bahari ikakutapisha, sukari itashuka katikati ya safari.

Ramadhani inapokaribia, mzungumze na daktari na sheikh mapema. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Anayekubaliwa kufunga afungue papo hapo sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, na kutoboa kidole kupima hakuharibu saumu. Pampu ya kahawia ya mara mbili kwa siku inaingia vizuri kwenye futari na daku.

Ukibaleghe, yuniti zitapanda ingawa hujabadilisha chakula. Ni homoni za ukuaji, hukukosea kitu. Wasichana wengine huona sukari ikipanda siku chache kabla ya hedhi. Na zitakuja siku utachoka na sindano, utaandika namba ya uongo daftarini ili usigombwe. Wazazi, mtoto wa miaka 13 anaweza kujichoma, lakini kuyabeba yote peke yake bado ni mzigo mkubwa kwake. Kaeni naye anapochoma, na namba mbaya ikisomwa isifuatwe na kelele.

Daftari liwe moja kwa maradhi yote, na kila kliniki ilione. Skuli na chuoni mchague rafiki mmoja unayekaa naye, umwambie hivi: nikitetemeka au nikianza kusema ovyo, nipe sukari iliyomo mfukoni mwangu. Nikianguka, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, na mkimbilie mwalimu.