"Hatakiwi kuhudhuria": ameondolewa wajibu au amezuiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimo katika kamati inayoandaa kanuni za maadili za shirikisho letu, lenye wanachama Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki mwa Kongo. Kifungu kimoja cha rasimu kimetukwamisha: "Mlalamikiwa hatakiwi kuhudhuria kikao cha kamati." Nusu ya wajumbe wanasema kinampa mlalamikiwa hiari ya kutokuja, nusu wanasema kinamfungia mlango. Nani yuko sahihi? Tena, tuseme kanuni za maadili au za mwenendo? Na ni "kutotumia" au "kutokutumia"?

JIBU: Marahaba. Pande zote mbili zimekisoma Kiswahili sawasawa, na ndiyo maana kifungu hicho hakifai kupigiwa kura kama kilivyo.

Tazama sentensi hizi mbili. "Mgonjwa hatakiwi kula chochote kabla ya upasuaji." Hapo kuna katazo, akila, upasuaji utaahirishwa. "Mtoto mdogo hatakiwi kulipa nauli." Hapo hakuna katazo lolote, mzazi akitaka kumlipia, konda atapokea. Kitenzi ni kilekile, ukanushi ni uleule. Anayetufumbulia maana ni mazingira: tunajua habari za upasuaji na za nauli kabla hata sentensi haijaisha. Kanuni mpya haina mazingira hayo. Itasomwa miaka mitano baadaye na watu ambao hawakuwamo katika mjadala wenu, wakiwa wamegombana, kila mmoja akitafuta maana inayomfaa. Na hapa kinachobishaniwa ni haki ya mtu kusikilizwa. Sioni jambo zito zaidi ya hilo katika rasimu nzima.

Kama mnakusudia kumpa hiari, andikeni: "Si lazima mlalamikiwa ahudhurie kikao." Kama mnakusudia kumzuia, andikeni: "Mlalamikiwa haruhusiwi kuhudhuria kikao." Angalieni pia mahali pa ukanushi. "Si lazima ahudhurie" na "ni lazima asihudhurie" zina maneno yaleyale karibu yote, lakini ya kwanza inafungua na ya pili inafunga. Binafsi ningepinga ya kuzuia, ila hilo ni la wajumbe kuamua. Langu ni kuhakikisha wanajua wanachokiamua.

Nina wasiwasi vilevile na "atatakiwa", ambayo bila shaka imejaa katika rasimu yenu kama ilivyojaa katika rasimu nyingi. Anatakiwa na nani? Kuanzia lini? Kiswahili kina njia fupi na kali zaidi, nayo ni dhamira tegemezi: afanye, asifanye. Azimio la Arusha la 1967 liliandikwa hivyo. Kiongozi sharti awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo watu waliyaita miiko ya uongozi, na hata waliotamani kuyakwepa hawakuweza kudai kwamba hawakuyaelewa.

Lakini si kila kifungu kinapaswa kuwa amri, na hili mliamue kwanza, kabla ya kugusa maneno. Mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118 dhidi ya 1. Marekani peke yake ndiyo iliyopinga. Katiba ya shirika hilo ilitoa njia mbili: kupitisha jambo kama kanuni zinazofunga chini ya Ibara ya 21, au kama pendekezo chini ya Ibara ya 23. Ikachaguliwa ya pili. Kwa hiyo kila nchi ilibidi itunge sheria yake. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1994, Kenya mwaka 2012. Ukisikia tu neno "kanuni" utadhani zilifunga tangu siku ya kura. Basi kwenye ushauri semeni "inashauriwa" au "ni vyema". "Sharti" na "lazima" zibaki kwa yale ambayo mtu akiyavunja ataadhibiwa. Mkichanganya, mwenye kosa atajitetea kwamba alidhani anashauriwa.

Kuhusu jina, maadili ni yale tunayoyaamini kuwa mema; mwenendo ni yale mtu anayoonekana akiyafanya. Rasimu inayoorodhesha vitendo vinavyoweza kuthibitishwa kwa ushahidi ingefaa zaidi kuitwa ya mwenendo. Hata hivyo nawashauri mbaki na "kanuni za maadili". Jina hilo limeshazoeleka. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995. Tena "mwenendo" una kazi nyingine mahakamani: mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yaliyojiri katika kulisikiliza. Kwa kuwa rasimu yenu ina sehemu ya mashauri, neno moja lingebeba maana mbili katika waraka mmoja.

Andikeni "kutotumia". Ile -ku- ya pili inahitajika kwa vitenzi vya silabi moja: kutokula, kutokuwa, na kama ulivyoandika mwenyewe, kutokuja.