Waulizeni Walitengeneza Nini

*Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa ufundi wa vyuma.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu tuliosoma shule moja ya ufundi ya wavulana tunakusanya kumbukumbu za waliopita pale, wakubwa kwa wadogo, ili tutoe kitabu. Masimulizi yanakuja kwa wingi ila karibu yote ni mamoja: kengele ya alfajiri, foleni ya bwalo, kutoroka usiku, majina ya utani ya walimu. Mtu akiyasoma hajui kama tulisoma ufundi au tulikuwa bweni jingine lolote. Na kila tukikutana tunabishana. Huyu anasema kazi zilipimwa hivi, yule anakataa katakata. Tufanyeje? — *Katibu wa wahitimu*

JIBU: Marahaba, Katibu. Hayo mliyopata msiyatupe, maana kengele na kutoroka ni vyenu kweli. Lakini mtu ukimwambia "tusimulie habari za shule" atakupa yale aliyokwisha kuyasimulia mara mia, na yale ambayo hajawahi kuulizwa yatabaki ndani. Mimi nimekuwa mwanafunzi wa shule ya ufundi, kisha nikasimama mbele ya wavulana wa namna hiyo mpaka nikastaafu. Ushauri wangu ni mmoja: msiwaulize wanakumbuka nini. Waulizeni walitengeneza nini. Kazi ya kwanza kabisa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani cha kushikia chuma, ilikuwa ipi? Kisha mwacheni mtu aende hatua kwa hatua, msimkatize.

Nikupe mfano wa yangu. Nilikabidhiwa kipande cha chuma laini kilichokatwa kwa msumeno, kingo zake zimeparuzika, nikaambiwa nikifanye mraba kwa tupa. Basi. Mvulana anayeanza hudhani ni kazi ya saa moja. Anasukuma tupa, mikono inapanda na kushuka, na uso wa chuma badala ya kulala unavimba katikati. Hapo ndipo mwalimu alipokuja kunipanga mwili: mguu wa kushoto mbele, kiwiko usawa wa mdomo wa jiliwa, uzito uhamie kutoka mkono wa mbele kwenda wa nyuma kadiri tupa inavyosonga. Tupa hukata inapokwenda tu, kwa hiyo unaporudi usiikandamize, maana unaua meno yake bure. Tulipaka chaki kwenye tupa ili chembe za chuma zisinase kwenye meno na kuchora mikwaruzo. Halafu unaweka skwea, kile kipimo cha pembe ya mraba, juu ya kazi, unainua vyote viwili kuelekea dirishani, unatazama kama mwanga unapenya. Ukipenya, hata uwe mwembamba kama unywele, unarudi kwenye jiliwa.

Na kulikuwa na mrututu. Tulisugua maji yake kwenye chuma kilichosafishwa, na papo hapo uso wa kijivu ukageuka mwekundu wa shaba. Yale ni maji ya kemikali yenye shaba ndani yake, na chuma huivuta shaba ikakaa juu kama utando. Ukichora mstari kwa ncha kali juu ya wekundu ule, unaonekana wazi kabisa. Mvulana anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza hasahau. Nina hakika miongoni mwa watu wenu wapo ambao ukiwatajia mrututu tu watakaa sawa kwenye kiti na kuanza kusema.

Waliosoma useremala wataanza na randa, au na kiungo cha ulimi na tundu, na watakumbuka kwamba ulimi ulitakiwa uwe karibu theluthi moja ya unene wa mbao. Ukiuzidisha, kuta za tundu zinapasuka. Waliopita kwenye uhunzi watakueleza rangi: unapasha tindo mpaka iwe nyekundu, unaizamisha majini, unaisugua ing'ae, kisha unaipasha tena taratibu ukitazama rangi zinavyotembea kuelekea nchani, manjano ya majani makavu kwanza, hudhurungi, zambarau, mwisho buluu. Manjano huja kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi na buluu karibu na 300. Ukiizamisha mapema mno ncha inavunjika, ukichelewa inapinda. Hakuna kipimajoto kilichotumika, ni macho tu. Kitabu chenu kikikosa mambo haya, mtakuwa mmeacha shule yenyewe nje.

Swali linalofuata la kumuuliza kila mmoja ni hili: ile kazi ya kwanza ilipokwisha kusahihishwa ilikwenda wapi? Ilirudi kwenye pipa la vyuma chakavu, au ulikwenda nayo nyumbani? Linaonekana dogo, lakini nyuma yake kuna historia ndefu. Mwaka 1868 huko Moscow, Victor Della-Vos, mkuu wa shule ya ufundi ya kifalme, aliugawa ufundi katika mazoezi madogo yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu: kupiga tupa, kutoboa, kukata, kuunga, kila kimoja peke yake kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kutengeneza kitu kizima. Kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, Wamarekani wakavutiwa, na mwaka 1880 Calvin Woodward akafungua shule ya wavulana ya kazi za mikono mjini St. Louis. Wakati huohuo huko Nääs, Sweden, Otto Salomon alikuwa akifundisha walimu njia nyingine: mtoto atengeneze kitu kitakachotumika nyumbani kwao tangu mwanzo, hata kama ni kidogo. Shule nyingi za ufundi zilizofuata zilichanganya njia hizi mbili kwa vipimo tofauti. Wahitimu wenu wakikujibu, utaona shule yenu ilielemea upande gani, na pengine utaona mwalimu mmoja alivyobadilisha mambo alipokuja.

Sasa ugomvi wenu. Katibu, usiuogope, na wala usiupigie kura. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila walisoma miaka tofauti. Mmoja anaapa kwamba kila kitu kilipimwa kwa inchi, robo na moja ya nane, mwingine hajawahi kuona inchi karakanani. Uingereza ilianza kuhamia vipimo vya mita mwaka 1965, na shule zilizofuata mitaala yake zilihama polepole, huku mashine na vifaa vya zamani vikibaki palepale. Vivyo hivyo nyuzi za bolti. Aliyekata nyuzi za Whitworth anakumbuka pembe ya digrii 55, kama mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alivyozipanga mwaka 1841, na aliyekata za milimita anakumbuka 60. Andikeni kumbukumbu zote mbili na mwaka wa kila mmoja, na mabishano hayo yatawasaidia kujua mabadiliko yalifika lini pale kwenu.

Hata michoro itawasaidia. Mpe kila mhitimu karatasi na penseli, peke yake, kabla hajazungumza na mwenzake, umwombe achore ramani ya karakana: jiliwa zilikaa wapi, mashine ya kukereza wapi, dirisha la stoo wapi. Hawa ni watu waliofundishwa kuchora, na mkono utakumbuka ambayo mdomo umeshindwa kuyataja. Kisha mwambie achore kitu chochote kwa mionekano mitatu, wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Akiweka mwonekano wa juu chini ya ule wa mbele, alifundishwa mpango mmoja, akiuweka juu, alifundishwa mwingine. Atafanya bila kufikiri.

Na msimsahau mtunza stoo. Katika shule nyingi kila mvulana alikuwa na vibati vyenye namba, anatundika kimoja kwenye msumari ili apewe kifaa, na jioni vibati vilivyobaki vinaonyesha nani hajarudisha. Walimu wanatajwa na kupigwa picha. Yule aliyejua meno ya kila tupa na aliyejua nani ana haraka ya kuharibu, huyo huachwa. Mtafuteni, au mtafuteni mtoto wake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeombwa niandike kumbukumbu zangu za shule ya ufundi. Ukweli ni kwamba wakubwa walitutesa sana mwaka wa kwanza, na mwenzangu mmoja alipoteza kidole kwenye mashine ya kutoboa kwa sababu alilazimishwa kufanya kazi usiku bila msimamizi. Waandaaji wanataka "mambo ya kujenga." Niache? — *Msomaji*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiache. Pole kwa yaliyokupata, na pole zaidi kwa mwenzako.

Andika ulichokiona kwa macho yako, kwa mpangilio wake, bila kukipamba wala kukilainisha. Kuhusu mwenzako, muulize kwanza kama anakubali jambo lake liandikwe. Kidole ni chake na habari ni yake. Majina ya waliowatesa hayahitajiki ili jambo lieleweke. Kinachohitajika ni mazingira: nani alishika ufunguo wa karakana, kwa nini mlango ulikuwa wazi usiku, mashine ilikuwa na kikinga au haikuwa nacho, na baada ya hapo kilibadilika nini. Mashine ya kutoboa hukamata kinachoning'inia, mkono wa shati, kitambaa, glavu, na haisubiri. Kila mwalimu wa ufundi anajua hilo, ndiyo maana mtoto kuachwa nayo peke yake ni kosa la watu wazima wala si bahati mbaya. Waandaaji wakikataa ukurasa wako, wape nakala hata hivyo, nawe ubaki na yako.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye sanduku la vifaa vya baba nimekuta kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja, kina tundu la mraba katikati, na ndani ya tundu kuna kipande kingine cha mraba kinachotoka nikikisukuma kwa kidole. Pembeni imegongwa namba. Baba ni mzee sasa na si msemaji. Alisoma shule ya ufundi ya wavulana zamani. Hiki ni nini, na nikitunzeje? — *Binti yake*

JIBU: Marahaba, binti. Umenifurahisha kuliko unavyojua.

Hicho hakina matumizi yoyote, na baba yako amekitunza miaka yote hiyo. Ni mtihani. Mwanafunzi hutoboa matundu madogo mengi kufuata mstari, akivunja katikati kwa tindo, kisha hupanua kwa tupa mpaka afike kwenye mstari wenyewe. Halafu anatengeneza kile kipande cha ndani kwa tupa vilevile. Sharti lake ni kwamba kiingie kwa upande wowote. Jaribu: kitoe, kizungushe robo, kirudishe. Zungusha tena. Kisha kipindue juu chini ufanye vilevile. Kuna namna nane za kukiingiza, na kama baba yako alipata alama nzuri, zote zitaingia kwa ugumu uleule wa taratibu, bila kutikisika. Kiinue dirishani kikiwa ndani. Ukiona giza tupu kuzunguka kingo zote, jua kwamba aliyekifanya alikuwa na mikono ya kuheshimiwa.

Sehemu ngumu ni pembe nne za ndani ya tundu. Tupa haipendi kufika kwenye kona, huacha kona imejaa au hula ukuta wa pili. Wengine hutoboa kitundu kidogo sana kwenye kila kona ili tupa ipate pa kuishia, wengine husaga ubavu mmoja wa tupa uwe laini usikate. Angalia kona za baba yako uone alichagua njia gani. Kisha mpe kipande mkononi na umuulize kuhusu hizo kona. Usianze na kingine. Msemaji au si msemaji, mpe muda.

Kuhusu kukitunza: usikisugue kwa msasa hata kama kina kutu. Mistari myembamba unayoiona juu yake, yote ikielekea upande mmoja, imeachwa na tupa ya mwisho aliyoivuta kwa urefu, na msasa utaifuta isirudi. Kutu ya juu juu itoe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, taratibu, siku kadhaa ikibidi. Ukimaliza, paka mafuta kidogo kwenye vipande vyote viwili, nje na ndani ya tundu, na vihifadhi pamoja mahali pakavu. Vikitengana na kimoja kikapata kutu zaidi, havitaingiana tena.

Namba iliyogongwa pembeni huenda ikawa namba yake ya karakana au ya mtihani. Inakili kama ilivyo, na kama herufi au tarakimu yoyote imepinda au kugongwa mara mbili, inakili hivyohivyo. Pima urefu, upana na unene, upige picha chini ya mwanga unaotoka ubavuni ili mistari ya tupa ionekane, na nyuma ya picha uandike jina la baba, shule yake na mwaka. Kama waliosoma naye wanakusanya kumbukumbu zao, picha hiyo iwafikie mapema, kwa maana wapo wenzake watakaoona namba na kujua yao ilikuwa ipi.