Maji ya saruji yasiingie chooni

Mwanangu,

Umeniuliza kama kuna ubaya mafundi wa vigae kusuuza ndoo bafuni na kumwaga chooni, maana fundi mkuu anasema hayo ni maji tu, yatapita. Ubaya upo. Wazuie kwanza, kisha urudi umalizie kusoma.

Saruji haingoji jua ili ishike. Hushika kwa kuchanganyika na maji, ndiyo maana zege humwagwa hata chini ya mto. Ikituama kwenye kona ya bomba au chini ndani ya karo la maji taka, inagandia hukohuko, na gari la maji taka huvuta tope, halivuti jiwe. Grauti (ile ya kujazia nafasi kati ya vigae) na gundi ya vigae nyingi zina saruji, kwa hiyo ni yaleyale. Isitoshe, maji ya saruji mbichi ni makali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hupita 12, na uchafu wa karoni humeng'enywa na bakteria wasiostahimili ukali huo. Tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, nayo huwaua, tena ikivuja inaweza kufika kisimani.

Ila karo silihofii sana. Hata likiharibika lina mfuniko, linafikika. Ninachohofia ni shimo la kufyonza maji yanayotoka karoni. Chembe laini za saruji, jasi na rangi ya maji hazizami zote. Nyingine hutoka na maji na kuziba vitundu vya udongo, na udongo ulioziba hakuna gari la kuunyonya. Utachimba shimo jingine, kama kiwanja kinaruhusu.

Wape mafundi bomba la nje na pipa. Zana zisuuzwe humo, tope litulie usiku kucha, na maji ya juu yasuuzie tena kesho yake. Tope likiganda livunjwe, litoke na kifusi. Tina na rangi ya mafuta zikae kwenye kopo lenye mfuniko hadi zipelekwe panapopokelewa taka za sumu. Matundu ya sakafuni yazibwe, choo kifungwe kwa ufunguo ukae nao wewe (watalalamika, waache walalamike, ila wapate choo kingine). Na lori la mchanga lisikanyage juu ya karo wala shimo.

Kwa yaliyokwisha kumwagwa, usiongeze maji kuyasukuma, utayapeleka mbali zaidi. Asidi pia usiimwage. Inakula saruji ya karo lenyewe. Fungua chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba, iliyo karibu na bafu. Ukikuta tope la kijivu, lichotwe leo likiwa laini. Karoni asiingie mtu, hata kwa dakika moja: hewa ya mle huua, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Waite wenye gari, uwaambie wazi kilichomwagwa.

Malipo ya mwisho yasubiri. Fungua chemba ukiwa na fundi mkuu, mwangalie pamoja, ndipo umlipe.

Mama yako