Mstari wa kipimo kwenye picha za hadubini

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuandika "×400" chini ya picha ya hadubini, yaani imekuzwa mara 400. Haitoshi. Picha ikikuzwa kwenye skrini au ikipunguzwa kwenye ripoti, namba hiyo si kweli tena, ila mstari wa kipimo, yaani mstari mfupi unaochorwa kwenye picha na kuandikwa urefu wake halisi, unakua na kupungua pamoja na picha.

Tafuta slaidi ya kupimia, ile yenye rula ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100, yaani kila kigawanyo ni maikromita 10. Ipige picha kwa lenzi ileile na ukubwa uleule wa picha. Ifungue kwenye ImageJ, programu ya bure ya kupima picha, uchore mstari juu ya vigawanyo vingi, si kimoja, ili kosa la mkono liwe dogo. Nenda Analyze, Set Scale, andika urefu halisi wa mstari huo, weka tiki kwenye Global ili kipimo kitumike kwa picha nyingine pia. Sasa fungua picha yako: Analyze, Tools, Scale Bar.

Kila lenzi ipimwe kivyake, tafadhali, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuhakiki, pima chembe nyekundu ya damu ya binadamu: upana wake ni kama maikromita 7 hadi 8. Ukipata 15, rudia.