Maswali na majibu: vitabu vya kale, glavu na visu vya wauzaji

Nikiruhusiwa kusoma kitabu cha miaka ya 1500 maktabani, nivae glavu nyeupe? (Arusha, na wengine chungu nzima)

Hapana, na jibu halijabadilika tangu mlipouliza mara ya mwisho. Nawa kwa sabuni, kausha hadi katikati ya vidole, usipake losheni. Ndani ya glavu ya pamba vidole havihisi unene wa karatasi, na nyuzi zake hunasa kwenye ukingo uliochakaa, ukurasa unachanika. Glavu ni za picha za kamera zilizosafishwa kwa kemikali na vitu vya metali. Wanaozivaa kwenye televisheni wanaivalia kamera.

Mngeuliza namna ya kukitoa rafuni ningefurahi zaidi. Ukikivuta kwa kushika kichwa cha mgongo, ngozi ya hapo juu hukatika. Sukuma nyuma kidogo vitabu vya pembeni, kisha kishike katikati ya mgongo. Usikifungue kupita kinapokubali chenyewe. Omba mito ya sponji chini ya majalada.

Hati ya mkono ina matobo yenye umbo la herufi. Ni bungua?

Bungua hafuati herufi. Huo ni wino wa vivimbe vya mwaloni vilivyochanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Asidi na chuma chake hula karatasi, na unyevu huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo usipanguse kwa kitambaa kibichi wala kubandika selotepu. Mwachie fundi mhifadhi: ataziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani iliyopakwa gelatini, kwa maji machache mno.

Naweza kulamineti msahafu wa babu?

Hapana.

Nitatofautishaje folio, kwarto na oktavo?

Weka rula pembeni. Hayo ni majina ya mikunjo ya karatasi nzima: folio mara moja, kwarto mara mbili, oktavo mara tatu. Inua ukurasa mbele ya mwanga, utafute mistari iliyoachana kwa sentimita mbili tatu. Kwenye folio imesimama, na alama ya maji, yaani nembo ya mtengeneza karatasi inayoonekana kwenye mwanga, iko katikati ya nusu ya karatasi. Kwenye kwarto imelala, na alama imezama kwenye mshono. Kwenye oktavo imesimama tena, alama ikiwa juu karibu na mshono.

Kitabu cha Venice kimeandikwa Januari 1498. Ni kabla ya Desemba 1498, sivyo?

Huenda sivyo. Mwaka wa Venice ulianza Machi 1, basi Januari hiyo kwetu ni ya 1499. Soma kolofoni, yaani maelezo ya mchapaji, mwishoni mwa kitabu kabla ya kubishana.

Nimeona mtandaoni ukurasa halisi wa kitabu cha historia cha Nuremberg, 1493, wenye picha ya rangi. Ninunue?

Usinunue. Kitabu hicho cha Hartmann Schedel, kilichochapwa na Anton Koberger, kina picha zaidi ya 1,800 zilizopigwa kwa vibao vya mbao 645 tu. Kibao kimoja kimesimama badala ya miji kadhaa. Picha nyingi ndizo zinazomvutia muuzaji anayekata kurasa kwa kisu. Kitabu kizima huuzwa mara moja, kilichochanwa huuzwa mara mia tatu na ushee. Kinachopotea ni mshono, mpangilio wa mafungu ya kurasa na maandishi ya waliokimiliki. Rangi nayo mara nyingi ni ya juzi. Geuza ukurasa: kijani cha shaba cha zamani kwa kawaida kimepenya na kuacha kahawia upande wa pili.

Halafu uliza ulitoka wapi. Mwaka 2012 ilibainika kwamba maktaba ya Girolamini, Naples, ilikuwa ikiibiwa, na mwizi ni mkurugenzi wake mwenyewe, Marino Massimo De Caro. Huyo huyo alihusika na nakala bandia ya kitabu cha Galileo cha 1610, ambayo mabingwa waliithibitisha hadi mwanahistoria Nick Wilding alipoonyesha kuwa muhuri wa maktaba ndani yake haukulingana na ule wa kweli. Muuzaji asiye na karatasi za wamiliki waliotangulia, achana naye. Akisema muhuri wa maktaba umefifia, omba taa ya urujuanimno: palipofutwa huonekana.

Je, pwani yetu imo kwenye hazina hizo?

Imo. Ramani ya dunia ya 1502 iitwayo Cantino, iliyotoroshwa kutoka Lisbon kwa ajili ya mtawala wa Ferrara, Italia, ina Kilwa na Malindi. Iko kwenye maktaba ya Biblioteca Estense, Modena. Iliibwa kwenye vurugu za 1859. Mtu aitwaye Giuseppe Boni aliikuta ikitumika kama kiwambo kwenye duka la nyama.